PIGA HODI KABLA YA KUPIGA PICHA: Mafunzo ya siku moja katika milima ya Oman



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha mbili za mlima, nikaandika kwamba tulikuwa matembezini na marafiki huko Oman. Wengi mlituombea dua, Allah awalipe kheri. Lakini ndugu mmoja aliniandikia faraghani: "Sheikh, umma una shida zote hizi, nyinyi mnapanda milima kwa starehe? Hii si israfu?" Na dada mmoja akauliza upande wa pili: "Sheikh, mbona umeweka mawe matupu? Vijiji na watu wake viko wapi? Tulitaka kuona."

Maswali haya mawili nimekaa nayo, na leo nayajibu pamoja kwa sababu yanakutana mahali pamoja. Kwa ufupi nasema hivi: kutembea na kuitazama ardhi ya Mwenyezi Mungu ni jambo jema. Lakini kijiji cha watu ni nyumba zao, na nyumba ina hodi. Anayesahau hodi, matembezi yake yote yanaweza kumgeukia kuwa deni. Nifuate taratibu.

JE, MATEMBEZI NI ISRAFU?

Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anaamrisha watu watembee katika ardhi watazame vipi alianzisha uumbaji. Katika Suratul Ghashiya, aya ya 17 mpaka 20, anatutaka tumtazame ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Sasa ndugu yangu, mtu atautazamaje mlima kama hatoki nyumbani? Kuna Muislamu ana miaka 40, ameijua milima kwenye simu tu.

Lakini ndugu aliyeuliza nampa haki yake, kwa sababu matembezi yana masharti. Usiache deni la watu ukaenda kutumbua. Usiwaache wanao bila matumizi. Usipoteze swala. Usikawie bila sababu, kwani Mtume (S.A.W) alimuelekeza msafiri akishamaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Sisi tulikuwa watu watano: mimi nilikuwa nimealikwa Muscat kwa darsa, na wenyeji wangu ni vijana wanaofanya kazi huko, mmoja wa Tanga, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja, na wa tano ni Muomani mzaliwa wa Nizwa ambaye bibi yake alikulia Pemba. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya mapumziko. Mafuta ya gari tulichanga, chakula tulibeba. Hapo israfu siioni.

Na msishangae kuwa kijana wa Nizwa anazungumza Kiswahili. Familia nyingi za Oman zina damu ya Afrika Mashariki. Wapo waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wapo wengi waliorejea baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Ukitembea Muscat au Nizwa utasikia Kiswahili sokoni, tena cha kwetu kabisa.

TULICHOKIONA MLIMANI

Tulitoka Muscat baada ya swala ya alfajiri. Chini ya mlima kuna mji unaitwa Birkat al Mawz, maana yake birika la migomba, na kweli migomba na mitende imejaa. Hapo kuna kizuizi cha polisi: gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Barabara ni ya lami, nzuri, lakini mteremko wake ni mkali.

Tulipoanza kupanda, tuliirudisha Sunna ambayo wengi wetu tumeiacha. Maswahaba walikuwa wakipanda mahali pa juu wanaleta takbiri, na wakiteremka wanaleta tasbihi. Jaribuni hata mkiwa ndani ya daladala kwenye vilima vya kwenu. Moyo unabadilika. Na Suratul Israa, aya ya 37, inatukataza kutembea kwa majivuno na inatukumbusha kuwa hatuwezi kuipasua ardhi wala kuifikia milima kwa urefu. Aya hii ukiisoma ukiwa umesimama ukingoni mwa Jebel Akhdar, chini yako ni bonde ambalo ukitazama mwisho wake kichwa kinazunguka, basi hakuna haja ya mtu kukufasiria.

Huko juu, kwenye uwanda wa Saiq, ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Muscat tuliiacha na joto, juu kuna upepo wa baridi. Kuna vijiji vitatu vimeng'ang'ania ukingo wa genge: Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah. Njia ya miguu inaviunganisha, na ndiyo tuliyotembea. Chini ya nyumba kuna mashamba yaliyojengwa kama ngazi, kila ngazi ina ukuta wa mawe, na udongo wake umeshikiliwa hapo kwa jasho la vizazi na vizazi. Wanapanda makomamanga, pichi na vitunguu saumu. Na wanapanda mawaridi.

Tulifika mwezi wa Aprili, msimu wa kuchuma. Ndugu zangu wa pwani, haya marashi tunayonyunyiza kwenye maulidi, harusini na hata kwa maiti zetu, wenzetu kule wanayatengeneza nyumbani. Kuna jiko la udongo, ndani kuna chungu kinachojazwa maua, juu yake kuna chombo cha shaba cha kupokea mvuke, na juu kabisa maji baridi ya kuupoza. Matone yanadondoka taratibu mno. Marashi ya njia hii ya zamani yana rangi ya kahawia kidogo na harufu ya moshi ndani yake. Waridi linachumwa alfajiri au jioni, kabla jua halijaichukua harufu. Hebu fikiria ni maua mangapi kwa chupa moja. Tena sisi huyamwaga marashi kama maji ya bomba.

MAJI YENYE ZAMU

Kilichonigusa zaidi kuliko maua ni maji. Mashamba yote yale yananyweshwa na falaj, wingi wake aflaj, yaani mifereji inayoleta maji kutoka kwenye chemchemi au chini ya ardhi kwa mteremko tu, bila pampu. Oman ina aflaj kama 3,000 ambazo bado zinafanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia. Mmojawapo, Falaj al Khatmeen, uko pale pale Birkat al Mawz chini ya mlima.

Sikilizeni utaratibu wake. Maji yakitoka, kwanza ni ya kunywa. Kisha msikiti na sehemu za kuogea, za wanaume mbali na za wanawake mbali. Kisha ndiyo mitende na mashamba. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu inapimwa kwa muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Zamu yako ikiisha, unaziba mlango wako, jirani anafungua wake. Yuko msimamizi anayeaminiwa na kijiji kizima.

Suratul Mulk inafunga kwa swali: maji yakizama ardhini, nani atakuleteeni maji ya kutiririka? Watu hawa wanaishi ndani ya swali hilo kila siku. Mtu akiiba nusu saa ya maji, shamba la mwenziwe linakauka. Ndiyo maana kwao mpaka ni kitu kizito. Mpaka wa maji, mpaka wa shamba, na mpaka wa nyumba. Nimelieleza jambo hili kwa urefu ili mkielewe kisa kinachofuata.

KISA CHA PICHA

Tulipokuwa kati ya Al Ayn na Ash Shirayjah, njia ilipita juu ya ngazi za mawaridi. Chini yetu, kama hatua 30 hivi, kulikuwa na kina mama na mabinti wanachuma, wameweka maua kwenye vitambaa walivyojifunga kiunoni. Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya genge. Kwa kweli palipendeza. Mmoja wa vijana wetu akatoa simu, akachukua video, na kabla hatujasema neno akawa ameshaituma kwenye status yake.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ukuta wa mawe mbele yetu. Akanyanyua mkono. Hakupiga kelele. Tulipomfikia tukamtolea salamu, akaitikia kwa ukamilifu, kisha akazungumza na kijana wetu wa Nizwa, naye akatufasiria: "Mzee anasema njia ni yenu, piteni. Wale ni binti zake na wake za wanawe, msiwapige picha. Kama mnataka picha ya mlima, mlima ule pale, haujakimbia."

Kijana mwenye simu akasema kwa Kiswahili, polepole: "Lakini ami, sisi tupo kwenye njia ya watu wote." Mzee alipofasiriwa akacheka kidogo, akasema: "Mguu wako uko njiani. Jicho lako liko wapi?"

Wallahi sote tulinyamaza.

Kijana alifuta ile video pale pale. Lakini akatuonesha uso umemshuka: watu zaidi ya 30 walikuwa wameshaiona. Mmoja alishaandika maoni juu ya wale mabinti, maoni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa niambieni, utaifutaje kwenye macho ya watu 30? Haki ya Mwenyezi Mungu ukitubu kwa dhati, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja inataka umwendee mwenyewe. Kijana, Allah amhifadhi, alirudi kwa yule mzee, akamweleza ukweli wote bila kuficha, akamuomba msamaha yeye na jamaa zake. Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akamsamehe, na akatukaribisha sote barazani kwake kwa kahawa na tende. Ndugu zangu, kahawa ile ilikuwa nzito kuimeza. Kwa sababu huyu ndiye tuliyemuudhi, na ndiye anayetumiminia.

HODI NI YA JICHO

Sisi Waswahili tumelelewa na hodi. Mtoto mdogo anajua: ukifika mlangoni kwa watu unabisha hodi, unasubiri karibu, usipoitikiwa unaondoka. Hii ndiyo Suratun Nur, aya ya 27 na 28: usiingie nyumba isiyo yako mpaka uombe idhini na uwatolee salamu wenyewe, na ukiambiwa rudi, rudi. Hakuna kununa.

Lakini idhini imewekwa kwa sababu gani? Mtume (S.A.W) alimkemea vikali mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wake, na akabainisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Na imepokewa kwamba yeye mwenyewe alipofika kwenye mlango wa watu hakuuelekea kwa uso, alisimama upande wa kulia au wa kushoto. Kwa nini? Ili mlango ukifunguliwa, jicho lisitangulie.

Basi tazameni simu zetu. Simu ni jicho lenye kuona mbali, lisilosahau, na lenye kuita watu elfu waje kuchungulia pamoja nawe. Ikiwa jicho langu moja linahitaji hodi, jicho hili lenye wafuasi linahitaji zaidi.

Na njia nayo ina haki zake. Mtume (S.A.W) alipowaona maswahaba hawana budi kukaa njiani, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. La kwanza ni macho. Kwa hiyo hoja ya kwamba "nipo njiani, ni halali yangu" Mtume alishaijibu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

WATASEMA: LAKINI UTALII UNAWALISHA

Hoja hii ina ukweli, na sipendi kuipuuza. Wageni wananunua marashi, wanalala kwenye nyumba za wageni, wanalipa waongozaji. Kijana wa kijijini anapata sababu ya kubaki badala ya kuhamia mjini. Jirani kidogo na hapo, Wadi Bani Habib, kuna kijiji kilichohamwa, nyumba za udongo na mawe zimebaki magofu, ingawa bustani za chini bado zina wenyewe. Mchana tulifika huko. Suratul Hajj, aya ya 45 na 46, inazungumzia visima vilivyoachwa na makasri, kisha inatutaka tutembee kwa nyoyo zenye kufahamu. Hakuna apendaye vijiji vyote vigeuke magofu, na kama fedha ya mgeni inasaidia watu wabaki, ni kheri.

Lakini kununua chupa ya marashi si kununua uso wa aliyechuma waridi. Anayekuuzia samaki Forodhani hakukuuzia na mkewe. Fedha ya mgeni inapokelewa kwa mkono, na heshima yake inapokelewa vilevile. Misfat al Abriyeen, kijiji kingine cha milimani huko Oman, wageni wanaombwa wavae mavazi ya heshima wanapopita mitaani, na bado wageni wanajaa. Adabu haijafukuza mtu.

TULIYOYACHUKIA KWETU TUSIYAFANYE KWA WENZETU

Hapa ndipo maneno yangu yanapokukusudia wewe ndugu yangu. Nani kati yetu wa Lamu, Mji Mkongwe, Bagamoyo au Mombasa ya kale hajaona mgeni akimpiga picha mama aliyevaa buibui, amebeba kapu lake anatoka sokoni, kama vile ni pambo la ukuta? Mama anafunika uso, mgeni anazidi kusogea. Tunakasirika. Tunasema hawana adabu, wametugeuza maonyesho. Na tunasema kweli.

Kisha sisi wenyewe tukisafiri, tukifika Uturuki, Moroko, Oman au hata Lushoto na Makunduchi, tunafanya yale yale. Tena tunaweka na "Maashaallah" juu yake, tukidhani neno hilo linahalalisha. Mtume (S.A.W) alifundisha kwamba imani ya mmoja wetu haikamiliki mpaka ampendelee ndugu yake anachojipendelea mwenyewe. Kama hupendi mama yako awe kwenye simu ya mtu asiyemjua, mama wa mwenzio naye ni mama.

Dada yangu uliyeuliza mbona nimeweka mawe tu, jibu lako ndilo hilo. Watu nimewaona, wazuri wa sura na wazuri wa tabia. Nimewahifadhi kwenye dua.

MAMBO YA KUZINGATIA UKITOKA NA WENZIO

Haya ni maoni yangu, atakayenizidi kwa elimu na anisahihishe.

Kwanza, mkiwa watatu au zaidi mchagueni kiongozi kama Sunna ilivyofundisha, na kabla ya kuondoka akubaliane nanyi juu ya picha. Mambo yakisemwa garini hayaleti aibu barazani.

Pili, mlima, mawingu, bonde na mti, piga utakavyo na umtaje Muumba. Nyumba ya mtu, ua wake na mlango uliofunguka, omba ruhusa. Sehemu za watu kuogea na kufulia kwenye mifereji, funga simu kabisa.

Tatu, mtu usimpige bila ridhaa ya wazi. Mtoto, ridhaa ni ya mzazi wake. Na elewa kwamba kukubali kupigwa picha si kukubali kurushwa mtandaoni. Ni ruhusa mbili, kila moja iombwe peke yake.

Nne, tunda lililoinamia njiani lina mwenyewe. Wanachuoni wana maneno marefu juu ya mpita njia, lakini kwa mtu asiye na njaa ya dhiki, salama ni kuomba au kununua. Tena ukiomba mara nyingi utapewa zaidi ya ulichokitamani.

Tano, usichafue njia, kivuli wala maji. Makemeo yaliyokuja juu ya mwenye kujisaidia mahali hapo ni makali. Chupa uliyopanda nayo ikiwa na maji, teremka nayo ikiwa tupu.

Sita, shika swala. Umbali wa kutoka Muscat hadi Jebel Akhdar unamruhusu msafiri kukusuru. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, utatimiza rakaa nne pamoja naye. Na ukimuona mwenzio ameachia mikono katika swala, usimkodolee macho. Hapo pia jicho lina adabu.

Ndugu zangu, mtu anaweza kurudi safarini na picha 500 na madeni 500 ya watu ambao hawajui hata kwamba wanamdai. Siku ya hesabu watajua. Basi wewe uliye na picha ya mtu kwenye simu yako hukumuomba ruhusa, leo kabla hujalala ifungue uitazame vizuri. Kama umeirusha, iondoe. Kama unamjua, mtafute umuombe radhi. Kama humjui, mtubie Mola wako na umuombee kheri nyingi.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie macho yetu yawe sababu ya kukujua, wala yasiwe shahidi dhidi yetu. Wahifadhi wenyeji wetu wa milimani, wabarikie maji yao na mashamba yao, na mlipe mzee yule kwa kahawa yake na kwa msamaha wake. Turejeshe kila msafiri wetu kwa watu wake akiwa salama. Aamin.

Ukiona kuna faida humu, mfikishie na mwenzio anayejiandaa kusafiri. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.